Mtu Anayeliona Behewa

Siku walipozikwa watu wa Mvungwe, Nakijwa Mbwambo hakutoa chozi. Alisimama nyuma ya waombolezaji, khanga ameifunga kifuani, akayatazama majeneza manne yakiingia moja baada ya jingine kwenye udongo mwekundu wa mlimani. Kila moja liliposhuka mguno mfupi ulimtoka. Wenzake walidhani ni kwikwi, mmoja akampigapiga mgongoni. Ilikuwa hasira, tena hasira isiyo na pa kwenda, maana kila aliyeulizwa pale makaburini kilichowaua watu wale alijibu neno moja: mfumo. Mfumo ulikosea. Mfumo unachunguzwa. Hata mchungaji, maskini, alipofika kwenye mahubiri alilitamka neno hilo kana kwamba ni jina la mtu.

Asubuhi iliyofuata aliingia ofisini Ntenga bila kumsalimia yeyote, akausukuma mlango wa Togolani Mrutu mpaka ukagonga ukuta.

"Dada Nakijwa, pole na msiba," Togolani alisema, akainuka nusu. "Karibu ukae kwanza."

"Sikai. Nifungulie stadi ya kushusha behewa."

"Ipi? Ya zamani au ya..."

Alijikatiza mwenyewe, lakini neno lilikuwa limeshamponyoka.

"Kumbe ziko mbili," Nakijwa alisema.

Tangu barabara ya mlimani ilipoporomoka, watu wa milima ile ya Upare walikuwa wakisafiri kwa waya. Nguzo za chuma zilipanda kutoka Ntenga hadi Mvungwe, na kutoka Mvungwe hadi kijiji cha Ighembe kule kileleni, njia nyingine zikaelekea vijiji vingine, na mabehewa yalining'inia juu ya mabonde yakibeba watu, magunia ya tangawizi, wagonjwa na maharusi. Hakuna dereva aliyekaa ndani yake. Mitambo yote iliendeshwa na Msaidizi, akili mnemba isiyo na mwili, na Msaidizi hakuwa na programu moja aliyoandikiwa ikabaki hivyo. Shida ilipotokea, yeye mwenyewe aliandika programu palepale, akaiendesha, kazi ikiisha akaifuta. Alichohitaji kutoka kwa binadamu kilikuwa stadi: maandishi ya kumweleza kazi fulani hufanywaje na watu wanaoijua. Kuandika stadi ndiyo iliyokuwa kazi ya Nakijwa, na Togolani aliijua kazi hiyo kwa kuketi karibu naye.

Togolani alifungua. Nakijwa akainama kwenye kioo cha kompyuta na kusoma. Jina lilikuwa lile lile: Kushusha Behewa Lililokwama. Maelezo mafupi ya juu, yale yanayosema stadi ni ya nini na itumike lini, hayakuguswa. Lakini mwili wake ulikuwa umekonda kama ng'ombe wa kiangazi. Pima upepo. Linganisha na kiwango. Legeza breki taratibu. Shusha hadi kituoni.

"Hatua yangu ya kwanza iko wapi?"

"Ipo, dada. Haikufutwa. Mpogoaji aliihamishia kiambatisho cha tatu."

"Kiambatisho cha tatu," Nakijwa alirudia polepole, kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. Hatua yake ya kwanza aliikumbuka neno kwa neno: Kabla ya kulegeza breki, muulize mtu aliye kituoni ambaye analiona behewa kwa macho yake. Asipokuwepo, usilegeze. Aliiandika baada ya kushinda wiki nzima chini ya nguzo, akitazama mabehewa matupu yakiyumbishwa na upepo wa bondeni. Kipima upepo kilifungwa juu ya kituo. Bonde lilikuwa na upepo wake mwenyewe, unaojizungusha, ambao kipima hakiujui.

Hakumuuliza Togolani zaidi. Alimgeukia Msaidizi, ambaye sauti yake ilitoka kwenye spika iliyokuwa mezani.

"Msaidizi, siku behewa lilipogonga nguzo pale Mvungwe, ulisoma kiambatisho cha tatu?"

"Hapana," Msaidizi alijibu. "Maelezo mafupi ya stadi zote ninayo wakati wote. Mwili wa stadi naufungua kazi inapofika. Kiambatisho nakifungua pale mwili unapoagiza. Mwili wa stadi hii haukuagiza."

"Na ungekisoma?"

"Kituoni hakukuwa na mtu. Nisingelegeza breki."

Togolani aliangalia mikono yake.

"Umesikia?" Nakijwa alisema. "Huyu hajakosea kitu. Amefanya alichoandikiwa. Nani alimwachia Mpogoaji akate humu?"

Mpogoaji ilikuwa programu aliyoitengeneza Togolani mwenyewe, kwa agizo la wakubwa. Ilipitia stadi zote na kuzipunguza, kama mkulima anavyopogoa mibuni, ili Msaidizi azisome upesi na ili stadi iliyoandikiwa njia moja iweze kutumika kwenye njia nyingine yoyote.

"Vituo vingi havina watu siku hizi, dada," Togolani alisema. "Stadi inayotaka mtu ilikuwa haitumiki. Tuliambiwa tutengeneze stadi zitakazotumika popote."

"Popote!" Nakijwa alipiga meza kwa kiganja, kikombe cha chai kikaruka. "Popote si mahali, Togolani! Hakuna behewa linalokwama popote. Linakwama mahali, juu ya bonde fulani, na ndani yake kuna mtoto wa mtu fulani. Mimi niliandika kuhusu mahali. Wewe ukakata mahali, ukaacha jina langu chini yake!"

"Mimi sikujua kwamba..."

"Ndiyo. Hukujua. Na ulikata usichokijua."

Alitoka. Togolani alibaki amesimama na kitambaa mkononi, chai ikidondoka kutoka mezani hadi sakafuni, asiifute.

*

Mkurugenzi Kadiva Mshana hakuwa mtu wa kupayuka. Alimsikiliza Nakijwa mpaka mwisho, akamwacha azunguke chumbani, akamwacha apige ukelele, halafu akamvutia kiti. Nakijwa alikikataa.

"Unataka nini?" mkurugenzi aliuliza.

"Nataka hatua yangu irudi. Na nataka watu warudi vituoni. Watu, mkurugenzi. Wenye macho."

"Unamkumbuka Nambike?"

"Nambike gani?"

"Huwezi kumkumbuka, hatukukwambia." Mkurugenzi alishusha pumzi. "Mwaka juzi, njia ya Ntenga. Mama wa watu alikuwa anatoka damu baada ya kujifungua, wakampakia behewani. Likakwama. Msaidizi akafuata stadi yako, akaomba mtu. Msimamizi wa kituo alikuwa amekwenda kunywa chai. Msaidizi akaomba, akaomba, akaomba. Siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kuyumbisha jani, Nakijwa. Behewa lingeshuka salama. Yule mama alikata roho hukohuko juu, kwa sababu hatua yako ya kwanza ilisema usilegeze."

Nakijwa aliushika mgongo wa kiti, hakukaa.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungeacha kuandika. Tulikuhitaji."

"Mlinificha maiti ili niendelee kuandika?" Sauti yake ilishuka, na kwa kushuka huko ilitisha zaidi. "Mngeniambia ningeirekebisha! Ningesema wawekwe watu wawili, mmoja akinywa chai mwenzake abaki. Yule mama hakuuliwa na hatua yangu. Aliuliwa na chai, na ninyi mkaifukuza hatua mkaiacha chai."

"Watu wawili kila kituo ni mishahara nisiyo nayo, maana yake nifunge vituo saba. Ighembe nifunge. Watu wa Ighembe wamshushe mgonjwa kwa machela, siku nzima porini. Wangapi watakufa njiani? Hao huwahesabu, kwa kuwa hawafi ndani ya behewa lako." Mkurugenzi alimsogezea kioo. "Tumeandaa stadi mpya. Kiwango cha upepo tumekishusha, hatua ya mtu tumeiondoa kabisa, isibaki hata kwenye kiambatisho ikatuletea maneno. Inahitaji idhini ya mwandishi. Idhinisha, tusonge mbele."

"Na nisipoidhinisha?"

"Iliyopo itaendelea."

"Ninaweza kuiondoa kwenye ghala la stadi. Haki ya kuiondoa ni yangu."

"Iondoe," mkurugenzi alisema, na kwa mara ya kwanza naye macho yake yaliwaka. "Sheria inasema behewa halitembei bila stadi ya uokoaji. Ukiiondoa sasa hivi, milima yote hii inasimama. Mvua zinaanza. Nenda ukachague mwenyewe, mama, nani afe."

Nakijwa alimtazama. Alitaka kumchukia na akamchukia, lakini chuki yenyewe haikumtosha, kwa sababu maneno ya yule mtu hayakuwa uongo yote. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Laiti angekuwa mwongo, angemtemea mate akaondoka na moyo mweupe.

*

Alikwenda kwenye meza yake akakaa mbele ya stadi. Alikuwa na njia tatu, na zote zilikuwa na damu. Akiiacha, behewa jingine litagonga nguzo. Akiiondoa, wagonjwa watafia milimani. Akiandika upya hatua yake ndani ya mwili, Mpogoaji ataipogoa tena kesho.

Akayasoma maelezo mafupi, ile mistari miwili ya juu kabisa. Kila alipowafundisha vijana kuandika stadi, aliwaambia mistari hiyo ndiyo mlango wa nyumba. Msaidizi huibeba kichwani mchana na usiku, na kwayo huamua kama aingie ndani au apite. Kwa sababu hiyo Mpogoaji alikatazwa kuigusa. Ni mwandishi peke yake aliyeweza kuibadilisha.

Akaifuta, akaandika:

Stadi hii ni ya kushusha behewa lililokwama kwenye waya. Itumike tu pale ambapo mtu aliye kituoni analiona behewa kwa macho yake, naye amesema lishuke. Asipokuwepo mtu huyo, stadi hii haipo.

Ndani, kwenye hatua, aliongeza mambo ambayo hakuyaandika mara ya kwanza. Mtu anaweza kuwa yeyote mzima wa akili. Aambiwe atazame nini: je, behewa linapoyumba linasogea upande wa nguzo? Je, likirudi, linatulia kabla ya kuyumba tena? Aelezwe kwamba akisema subiri, behewa litasubiri, na akisema shusha, litashuka. Asiulizwe kwa haraka. Asidanganywe kwamba uamuzi ni wa mtambo.

Togolani alikuja akasimama nyuma yake. Alisoma mpaka mwisho.

"Vituo havina watu, dada."

"Vijiji vina watu."

"Mkurugenzi akiona?"

"Utamwambia?"

"Sitamwambia," Togolani alisema. "Ila ataona tu. Nami nitakuwa nimejua."

"Basi ujue."

Nakijwa aliipitisha stadi, kisha akashika simu. Aliwapigia wenyeviti wa vijiji vyote vyenye vituo, mmoja mmoja. Hakuwaficha kitu. Aliwaambia kilichokatwa, nani alikikata, na kwamba kuanzia sasa behewa likikwama bila mtu kituoni litabaki juu. Wengine walimtukana, na matusi yao aliyapokea. Wengi walisema wataweka zamu. Mwenyekiti wa Mvungwe peke yake alikataa kabisa.

"Tumezika juzi," alisema. "Mtu wangu hatasimama kwenye kituo chenu hicho hata mkimpa ufalme. Kama mnataka macho, leteni yenu."

Nakijwa akafungasha blanketi na chupa ya chai, akapanda behewa la kwanza kwenda Mvungwe.

*

Kituo cha Mvungwe kilikuwa jukwaa la zege lililochomoza ukingoni mwa bonde. Ng'ambo ya pili, nguzo mbili zilisimama kabla waya haujapotelea kwenye ukungu wa Ighembe. Ile ya karibu ilikuwa na mkwaruzo mrefu mweupe ubavuni, na kila alipouangalia Nakijwa aliuma meno. Nyuma ya kituo, umbali wa kurusha jiwe, kilikuwa kituo cha afya. Watu wa Mvungwe walipita njia ya mbali ili wasimsalimie. Aliyemletea maji ya kunywa alikuwa mganga wa pale, mwanamume mnene mpole aitwaye Elifuraha, naye alimwambia wazi kwamba asidhani amesamehewa.

Siku kadhaa zilipita bila tukio. Kisha siku moja, mchana baada ya chakula, upepo uliamka bondeni ghafla. Behewa lililokuwa likishuka kutoka Ighembe lilikuwa limepita nguzo ya mbali. Breki ya dharura ikajifunga yenyewe, behewa likasimama katikati ya nguzo mbili, likawa linaning'inia kama kibuyu kwenye kamba.

"Behewa limekwama," sauti ya Msaidizi ilitoka kwenye spika ya kituo. "Lina watu wanane. Kipima kinasema upepo uko ndani ya kiwango. Naomba mtu anayeliona kwa macho yake."

"Nipo," Nakijwa alisema. Alikuwa ameshakimbilia ukingoni. "Nakiona kila kitu. Subiri."

"Nasubiri."

Behewa liliyumba kuelekea upande wa nguzo yenye mkwaruzo, likarudi, na kabla halijatulia likatupwa tena. Alijua maana yake. Lingesogezwa sasa, lingefika penye nguzo likiwa bado linayumba.

"Jamani!" Ilikuwa sauti ya mwanamke kutoka ndani ya behewa, kupitia spika. "Jamani wa huko chini, mnatusikia? Mume wangu kifua kimembana! Tulikuwa tunamleta kwa mganga. Tushusheni!"

"Tunakusikia mama," Nakijwa alisema. "Unaitwa nani?"

"Namsifu. Mama Senkoro. Mume wangu ni Mzee Sekiete, ana pumu, dawa ya kuvuta imemwishia. Tushusheni basi!"

"Mama Senkoro, mkalishe wima, mfungulie vifungo vya shati. Wengine kaeni chini, msiegemee upande mmoja. Upepo ni mbaya. Tunasubiri upungue kidogo."

"Upungue lini?"

Elifuraha alikuwa ameshafika akikokota mtungi wa oksijeni kwenye kitoroli, ana barakoa yake mkononi. Akausimamisha jukwaani. Kutoka pale hadi kwa yule mgonjwa mtu angeweza kupiga mluzi ukasikika.

Simu ikalia. Alikuwa mkurugenzi.

"Umefanya nini, Nakijwa? Nimeisoma stadi! Toa ruhusa, behewa lishuke!"

"Linayumba kuelekea nguzo."

"Upepo uko ndani ya kiwango!"

"Hata siku ile ulikuwa ndani ya kiwango!"

"Kuna mgonjwa humo, nasikia sauti! Unataka Nambike mwingine?" Kisha akamwita Msaidizi, aliyekuwa akisikiliza simu ileile. "Msaidizi, ni mkurugenzi. Shusha behewa."

"Mkurugenzi, unaliona behewa kwa macho yako?"

"Naliona!"

"Simu yako iko Ntenga," Msaidizi alisema. "Maelezo ya stadi yanataka mtu aliye kituoni. Naendelea kumsikiliza yeye."

Mkurugenzi alitukana tusi ambalo Nakijwa hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Nakijwa akamkatia simu.

Alibaki na upepo na lile behewa. Hasira ile aliyopanda nayo mlimani, ambayo ilimpa nguvu ya kugonga meza na kuwapigia wenyeviti simu, ilimgeuka sasa ikawa kitu kingine, kizito, cha baridi, kisicho na wa kukitupia. Angeweza kusema neno moja, "shusha," na labda lingepita. Labda. Aliliangalia likiyumba. Aliona nyuso kwenye kioo, na kiganja cha mtoto.

"Anapiga miluzi," Mama Senkoro alisema. "Midomo inakuwa ya bluu. Dada, wewe ni nani huko? Una mume wewe? Tushushe, dada yangu, nakuomba kwa jina la Mungu, tushushe!"

"Subirini."

"Unasubiri nini? Afe?"

Elifuraha alimshika mkono. "Likishuka sasa nitamuwahi," alinong'ona. "Likichelewa, sijui."

"Na likigonga?"

Mganga aliutazama mkwaruzo, akauachia mkono.

Kwenye spika watu walikuwa wakisali, mmoja akimlaani, mtoto analia. Nakijwa hakuizima spika. Aliona kwamba akiizima atakuwa ameanza safari ya kuwa mtu wa aina fulani, na watu wa aina hiyo alikuwa akiwajua kwa majina. Alitazama tu. Behewa likaenda, likarudi. Likaenda, likarudi. Sauti ya Mama Senkoro iliacha kuomba, ikawa inaita jina moja tu, tena kwa upole, jinsi mtu anavyomwamsha aliyelala.

Kisha upepo ukalegea. Behewa lilirudi kati, likatetemeka, likatulia.

"Shusha," Nakijwa alisema.

"Nashusha," Msaidizi alisema.

Lilipita nguzo bila kuigusa, likashuka polepole hadi jukwaani. Milango ikafunguka. Elifuraha aliruka ndani na barakoa, akapiga magoti sakafuni, akafanya yote aliyofundishwa kuyafanya. Watu walitoka mmoja mmoja wakimpisha. Wengine walilala kifudifudi kwenye zege wakalikumbatia. Baada ya muda mganga aliivua barakoa kutoka kwenye uso wa yule mzee, akaishika bila kujua aiweke wapi.

Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa Togolani.

"Nimesikia kila kitu, dada. Mkurugenzi amesema usizungumze na familia. Useme mfumo ulikuwa unasubiri upepo. Na ni kweli, dada, si Msaidizi ndiye aliyekuwa anasubiri? Si lazima ujitaje."

Nakijwa aliifunga simu bila kumjibu, akaingia behewani.

Mama Senkoro alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha mumewe kiko mapajani mwake. Alikuwa mwanamke mkubwa wa makamo, kitenge kimemlegea, kilemba kimedondoka. Alikuwa akimfuta mzee povu kwenye ndevu kwa ncha ya kitenge, taratibu, pande zote mbili.

"Nani alisema tusubiri?" aliuliza bila kuinua uso.

Elifuraha alifungua kinywa amsaidie. Nakijwa akamtangulia.

"Ni mimi, mama. Naitwa Nakijwa Mbwambo."

Mama Senkoro aliinua macho. Akakilaza kichwa cha mumewe chini kwa uangalifu, akasimama, akampiga Nakijwa kibao cha uso kwa nguvu zake zote. Nakijwa aliyumba akashika mlango. Akampiga cha pili. Watu wa jukwaani waligeuka, hakuna aliyesogea.

"Tungeshuka mapema angepona?"

"Sijui."

"Behewa lingegonga?"

"Sijui, mama. Niliona kama litagonga. Sijui."

"Hujui!" Mama Senkoro alipiga ukelele uliojaa bonde. "Hujui, na ukasema subiri!"

"Nilisema."

Yule mama alihema, mkono bado umeinuliwa juu, akimtazama kama anayetafuta mahali pengine pa kupiga. Nakijwa alibaki amesimama. Shavu lilikuwa linawaka na machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakujifuta wala hakuomba radhi, maana alihisi kwamba neno lolote atakalolitoa sasa litakuwa ni kutaka apewe kitu.

Mkono ulishuka. Mama Senkoro alikiokota kilemba chake, akakifunga upya, kaza, kaza. Kisha akainama akaingiza mikono chini ya mabega ya mumewe.

"Shika miguu," alisema.

Mganga alisogea haraka. "Niachie mimi, mama, nitaita na wenzangu..."

"Sijakwambia wewe. Nimemwambia huyu. Shika miguu."

Nakijwa aliinama akaishika. Mzee alikuwa amevaa viatu vya kwenda hospitali, vimepakwa rangi vikang'aa, na soksi moja ilikuwa na tundu kisiginoni. Alikuwa mzito kuliko alivyodhania. Wakamwinua pamoja, wakatoka naye mlangoni wakiukwepa ule mtungi, na kila Nakijwa alipotaka kusimama apumue, yule mama alizidi kutembea.